Wanakolala Fukusi

Anselmo Lagrada hakununua maembe, alinunua miembe. Wachuuzi wengine wa kusini mwa Palawan walingoja tunda linenepe, ndipo waje na vikapu na kelele. Yeye alifika mti ukiwa majani matupu, akauzunguka mara mbili mikono iko nyuma, akakohoa kidogo, kisha akamwuliza mwenye mti habari za nguruwe wake. Mwembe hakuutaja. Wangezungumza nguruwe, mvua, padri mpya na gari lake, mpaka mwenyewe achoke kungoja na kutaja bei. Na mtu aliyetaja bei mbele ya Anselmo alikuwa amekwisha kuuza. Baada ya hapo Anselmo alipuliza dawa ya kuleta maua, akafunga matunda, akavuna, na mwenye mti akakaa barazani kusubiri theluthi yake.

"Ukimsikia Anselmo anasifia nguruwe wako," watu wa kitongoji cha Tigbawan waliambiana, "shika mwembe wako."

Hakurithi kitu. Mama yao alipokufa, yeye alikuwa na miaka minne na dada yake Leoncia kumi na saba. Leoncia alikuwa amekwisha kuchumbiwa. Akamwambia mchumba wake, Hilarion, kwamba yeye anakuja na mzigo mgongoni, akitaka awachukue wote wawili, asipotaka aseme mapema wasipotezeane muda. Hilarion, mtu wa maneno ya kuhesabika, aliwachukua wote wawili. Kwa hiyo Anselmo akakulia katika nyumba yao ya mianzi, akavaa suruali za Hilarion zilizokatwa magotini, na alipofika miaka minane akagundua kipaji chake. Aliokota maembe machanga yaliyoangushwa na upepo, akayakata vipande, akayapaka uduvi wa chumvi, akayauza mlangoni mwa shule kwa watoto ambao kwao miembe ilikuwa imejaa uani.

Hilarion alipoona sarafu zile akatikisa kichwa. Huyu, alisema, anawauzia watu mate yao wenyewe.

Kutoka hapo Anselmo alipanda ngazi. Akakodi mti mmoja, kisha mitano, kisha kilima kizima. Alipofika miaka hamsini alikuwa na miembe mia tatu ya kukodi na sitini yake mwenyewe, lori lililozeeka, ghala la mabati nyuma ya nyumba, na mke, Nenita, aliyeweza kumshinda katika mabishano yote isipokuwa ya bei. Hakuwa bahili wa kunyima watu chakula. Alikuwa bahili wa vitu. Msumari uliopinda aliunyoosha. Kamba iliyokatika aliifunga fundo. Magazeti ndiyo yalikuwa fahari yake. Kule embe hufungwa moja moja likingali mtini, kwa ukurasa wa gazeti au wa kitabu cha zamani cha simu, unaobanwa kwa kijiti cha mwanzi, ili nzi wasilitoboe na jua lisilichome. Watu wengi walifunga maembe yao, na baada ya mavuno wakayachoma yale makaratasi. Anselmo hakuchoma. Aliyakunjua, akayanyoosha, akayafunga mabunda ya kurasa mia mia, akayapanga ghalani mpaka msimu ujao. Ukurasa mmoja kwake ulivaa embe misimu mitatu, mpaka herufi zikafutika.

Leoncia alikuwa na mwembe mmoja tu. Hilarion aliupanda mwaka wa ndoa yao, hatua sita kutoka ngazi ya nyumba, na chini yake ndipo walipozika kondo za nyuma za watoto wao wawili, kila moja na penseli na kipande cha karatasi ili mtoto awe na akili ya shule. Ya Wilfredo aliizika Hilarion mwenyewe. Ya Rosenda ilizikwa na Anselmo, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu. Alipoambiwa atie penseli, aliikata katikati akabaki na nusu. Leoncia aliona. Alicheka mpaka akashika mshono wa tumbo, akasema basi binti yangu atasoma mpaka darasa la tatu.

Rosenda alisoma mpaka darasa la tatu. Malaria ilimchukua akiwa na miaka tisa, kwa siku nne. Walimzika nyuma ya kanisa, na Anselmo alikuwa mmoja wa waliobeba. Lakini Leoncia hakuwa mtu wa kwenda makaburini. Alikwenda siku ya Watakatifu, akawasha mshumaa kama wenzake, akarudi. Kila asubuhi alifagia chini ya mwembe, na mwezi wa Desemba aliwasha moto wa majani mabichi pale shinani, moshi ukapanda siku tano mfululizo mpaka matawi yakakubali kutoa maua, kwa njia ya wazee. Dawa ya Anselmo hakuitaka. Alisema huwezi kumpulizia mtoto sumu usoni ili acheke. Hilarion alipokufa kwa kifua, na Wilfredo akahamia Puerto Princesa kutengeneza majokofu, Leoncia akabaki na nyumba, nguruwe wawili, na mti.

Sasa habari za fukusi.

Fukusi wa embe ni mdogo, kama punje ya pilipili manga, mweusi, mgumu, na ukimgusa hujifanya maiti. Ana tabia za mwizi aliyesoma. Tunda lililoiva hana haja nalo. Hulijia likingali changa, akalikwaruza kidogo kuliko ncha ya sindano, akataga, utomvu ukafunika. Kidonda kinapona. Embe linakua, linajaa, linapiga rangi, na ndani buu wake anakula nyama na kujichimbia chumba. Humo humo anageuka, anapata miguu na mbawa, na siku embe linapooza anatoboa njia na kutoka akiwa mtu mzima. Halafu hana kazi mwaka mzima. Anatafuta ufa, anajibana, analala, mpaka mahali fulani mwembe utoe maua tena.

Kwa nje, embe lenye fukusi halina tofauti na lisilo naye. Ndiyo sababu embe la Palawan haliruhusiwi kuvuka bahari kwenda visiwa vingine. Bandarini hufungua mabegi. Bibi anayempelekea mjukuu maembe matatu huyaacha mezani kwa ofisa, au huyala pale pale akiwa amesimama, machozi na utomvu vikimchuruzika pamoja. Matokeo yake mwezi wa Mei embe huko kusini halina thamani, nguruwe wanalisusa.

Anselmo aliichukulia marufuku ile kama mtu aliyetukanwa. Basi alipokuja ofisa mpya wa kilimo, binti mwembamba mwenye viatu vya mpira ambaye kitongoji kizima kilimwita Bibi Kilimo, Anselmo alikuwa wa kwanza kumvutia kiti. Alimweleza mengi ya nguruwe. Bibi Kilimo hakuwa na nguruwe. Akasema moja kwa moja. Wakulima waungane, waokote kila embe lililodondoka na kulizika kwa kina, wapunguze matawi ya miti mizee, na kila Aprili yeye atapasua maembe elfu moja ya Tigbawan. Misimu mitatu akikosa fukusi, atawaandikia wakubwa wake barua. Aliahidi barua tu, hakuahidi ruhusa. Anselmo aliwahi kuanzia na kidogo kuliko hicho. Chama kikaundwa, akawa mwenyekiti.

Mwaka huo huo alikwenda kwa dada yake na mabunda mawili ya magazeti. Leoncia hakuwa na mazoea ya kufunga maembe. Ya kwake yaliliwa na majirani, popo, na mtu yeyote aliyepita. Anselmo akamwambia chama ni chama, mti wa dada wa mwenyekiti hauwezi kukaa uchi. Akamletea bure. Ni kweli yalikuwa mabunda ya chini kabisa, ya ile pembe ya ghala karibu na rundo la maembe yaliyokataliwa, yaliyokaa pale misimu miwili na kuanza kunuka. Lakini yalikuwa bure, na Anselmo hakuwa mtu wa kugawa bure, kwa hiyo Leoncia alishukuru, akaita vijana wawili wakapanda wakafunga.

Aprili ilipofika Bibi Kilimo alipasua elfu yake. Alikaa siku tatu chini ya turubai la kanisa dogo, kisu mkononi, mikono imekuwa ya njano. Maembe kumi na moja yalikuwa na fukusi. Kati ya hayo kumi na moja, manane yalitoka kwa Leoncia.

Kutoka hapo hakuna aliyehitaji kufikiri. Mti ule ulikuwa mrefu kuliko kanisa. Gamba lake lilikuwa limepasuka kama kisigino cha mkulima, matawi yameota magugu na majani ya kuning'inia. Kama kuna mahali fukusi wangejenga mji, ni pale. Bibi Kilimo alishauri wapunguze kichwa cha mti na kukwangua gamba. Wanachama walitaka ung'olewe. Aliyekuwa na sauti kubwa zaidi ni Torcuato, mwenye miembe minane na ulimi wa themanini, aliyesema kichwa cha nyoka hakipunguzwi. Yeye ndiye aliyeanza kumwita Leoncia Mama Fukusi. Jina likashika haraka. Watoto walilisema kwa mchezo, watu wazima wakalisema kwa kicheko, na wanawake waliozoea kupita kwake kuomba embe la kuchovya kwenye uduvi wakaanza kupita njia ya mtoni.

Anselmo alikwenda kwa dada yake mara nne.

Mara ya kwanza alizungumza nguruwe, na Leoncia akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama amekuja kununua nguruwe au kuukata mti. Mara ya pili alimkuta amekwangua gamba lote mpaka alipofika kwa mkono na ngazi, magugu yamerundikwa na kuchomwa, mikono yake imejaa malengelenge. Mara ya tatu alimkuta anafukiza moshi ingawa maua yalikuwa yamekwisha pita miezi mingi, akitaka kuwafukuza fukusi. Alimwuliza Anselmo kama watakubali apunguze nusu. Anselmo alijua sauti ile. Alikuwa ameisikia maisha yake yote, kwa wenye miembe. Mtu akianza kukupa nusu, nyingine iko njiani.

Mara ya nne hakuzungumza nguruwe.

"Dada, mimi nimewahi kukuomba kitu?"

Leoncia alifikiri kwa haki. "Hapana. Ulikuwa unachukua tu."

"Basi leo naomba. Watu themanini wanasubiri mti mmoja. Mimi ndiye mwenyekiti wao, na mti ni wa dada yangu. Kesho wakisema namlinda ndugu yangu, chama kimekufa."

"Rosenda yuko pale, Semo."

"Rosenda yuko kanisani. Nilimbeba mimi. Pale kuna nusu penseli."

Hilo la penseli lilimtoka jinsi bei nzuri inavyomtoka mchuuzi, bila kupimwa. Aliliona linafika. Leoncia alitazama mikono yake yenye malengelenge, akaigeuza, akaitazama upande wa pili. Kisha akasema atakwenda Puerto kwa Wilfredo wiki mbili, na mambo mawili anayataka: asiwepo, na kuni zisiuzwe. Anselmo akakubali yote mawili kabla hajamaliza kusema. Akiwa njiani kurudi alihisi ile furaha ya mapatano yaliyokamilika, furaha ya kawaida kabisa, na hakuona ajabu.

Mti ulikatwa kwa msumeno wa injini, siku mbili. Wanachama walikuja kutazama. Torcuato alitafuta fukusi kwenye gamba, akapata watatu, akawaonyesha watu juu ya kiganja kama mtu aliyeokota dhahabu. Watatu, katika mti mzima. Anselmo aliwahesabu pamoja na wenzake, na hakuuliza mbona ni wachache hivyo. Kuni alizichoma hapo hapo, kama alivyoahidi.

Leoncia aliporudi hakupiga kelele. Aliingia ndani. Nyumba ilikuwa imegeuka tanuri. Mabati aliyonunuliwa na mwanawe yalilia kwa joto kuanzia saa tatu asubuhi, na jua likaingia mpaka kitandani. Alihamishia kiti chake jikoni, upande wa kusini, akaacha kukaa barazani. Kufagia uwanja hakuacha.

Aprili iliyofuata Bibi Kilimo alipasua tena elfu. Yenye fukusi yalikuwa sitini na nne.

Yalitoka kila mahali: kwa Torcuato, kwa majirani, na zaidi ya nusu kwenye miembe ya Anselmo mwenyewe, ambaye mwaka ule, kwa kuamini kiota kimeondoka, alikuwa amepunguza dawa. Bibi Kilimo alifuta kisu, akasema kwa sauti ya kujisemea kwamba mti ule haupo tena, na hawa hawawezi kulala hewani. Basi wanalala wapi?

Swali hilo lilimwingia Anselmo kama mwiba wa samaki. Wiki nzima alitembea akichungulia nyufa. Alichokonoa magamba ya miti yake, akainua mawe, akavunja uzio wa mianzi. Aliona mchwa, nge, na msumari alioupoteza miaka mingi nyuma. Fukusi, mmoja mmoja tu.

Mavuno yakaendelea, maana embe halimsubiri mtu. Mchana mmoja alikuwa ghalani anapanga vikapu, na Nenita yuko sakafuni anakunjua magazeti na kunung'unika, kama kila mwaka, kwamba wanawake wengine waume zao wanawanunulia magazeti wasome. Kisha akauliza, bila kuinua macho, pilipili manga yake imemwagikia wapi, mbona iko mpaka huku.

Anselmo aligeuka. Kwenye ukurasa alioushika Nenita, katika mkunjo, kulikuwa na punje nyeusi nne. Akaigusa moja. Haikutikisika. Akaipulizia pumzi ya moto ya mdomoni, kama anavyofanya Bibi Kilimo, na punje ikatoa miguu.

Alichukua gunia jeupe, akalitandika. Akashusha bunda moja la msimu uliopita, akalifungua, akalikung'uta. Kisha la pili. Akaenda kwenye pembe, karibu na rundo la maembe yaliyokataliwa ambayo siku zote aliyaacha pale yaoze kwa ajili ya nguruwe, akavuta bunda la chini kabisa, ndugu wa yale mawili aliyompelekea dada yake. Hakuhitaji kulikung'uta. Alilifungua, na katikati ya kurasa walikuwa wamejipanga, bapa, kila mmoja katika mkunjo wake, kama herufi.

Nenita alisema, "Yesu wangu," akauachia ukurasa aliokuwa ameushika.

Mtu wa biashara hesabu haimkawii. Maembe yaliyokataliwa yaliozea pale, fukusi wakatoka, hatua mbili kutoka hapo pana joto, pakavu, mikunjo elfu. Wakalala. Februari ikifika, vijana wa Anselmo walibeba mabunda, wakapanda ngazi za mianzi, na kwa mikono yao wenyewe wakamfungia kila fukusi embe lake changa, wakabana na kijiti asipate shida na upepo. Mwaka baada ya mwaka. Na kwa mti wa Leoncia, ambao kabla ya hapo haukujua gazeti, aliyepeleka ni yeye, bure, kwa moyo mkunjufu, yale mabaya kuliko yote.

Na hesabu ya pili ilikuja nyuma ya ile ya kwanza, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Hakuna anayejua. Magazeti yanaungua dakika kumi. Mwakani anunue mapya, fukusi wapungue, chama kimsifu. Alikwishabeba mabunda matano mpaka shimo la taka na kiberiti kiko mkononi. Aliyachoma yote. Moto ulipokwisha alinawa, akavaa shati, akaenda kwa dada yake kwa miguu, bila kujua atasema nini. Na hilo halikuwahi kumpata mlangoni pa mtu yeyote.

Leoncia alikuwa jikoni, anakata mihogo ya nguruwe. Anselmo alisema yote akiwa amesimama. Kisu hakikusimama mpaka alipofika kwenye yale mabunda mawili.

"Kwa hiyo mti haukuwa na kosa," Leoncia alisema.

"Haukuwa nalo."

"Waliletwa."

"Niliwaleta mimi."

Akaanza kumwambia atakayofanya. Atamletea mche wa kupandikizwa, wa aina bora, unazaa mwaka wa nne. Atamjengea baraza la paa la makuti ya nipa mbele ya nyumba, pana, wiki hii hii. Atamletea—

"Semo. Unanipa bei. Mimi sijauza kitu."

Anselmo aliufunga mkono aliokuwa akihesabia.

"Mwaka mzima wananiita Mama Fukusi," Leoncia alisema. "Watoto wananiita mbele yako. Wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Nenda ukawaambie. Wakiwa wote. Usiseme mimi nimekutuma." Akarudi kwenye mihogo. Baadaye kidogo, kwa kuwa ilikuwa mchana, akampakulia wali na samaki mkavu, na Anselmo akala wote, akiwa na jua mgongoni.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya misa, mle mle kanisani. Anselmo alisimama mbele akaeleza, kwa mpangilio, kama anavyoeleza dawa: maembe ya pembeni, mikunjo, mabunda, mti wa dada yake. Hakujitetea, na watu waliomzoea walingoja ile sehemu atakayogeuza maneno atoke na faida. Haikuja. Mmoja wa wanachama aliuliza kama na wale waliomwiga kuhifadhi magazeti wachome. Akasema wachome leo. Torcuato, nyuma kabisa, akasema, "Kikulacho," akaishia hapo, na hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alikuwa na mabunda ishirini nyumbani, na aliyanunua kwa Anselmo mwenyewe.

Leoncia alikuwa dirishani, upande wa nje, na mwavuli wake. Anselmo alimwona. Leoncia alisikiliza mpaka pale ndugu yake aliposema mti haukuwa na kosa. Alipofika mahali pa kuomba radhi, akageuza uso kuelekea dirishani, mwavuli ulikuwa tayari uko barabarani unakwenda. Nguruwe walikuwa hawajala.

Chama kilimwondoa uenyekiti bila ugomvi. Wenye miembe wengi waliendelea kumkodisha, kwa kuwa dawa yake ilikuwa nzuri, lakini sasa walitaja bei wakiwa wamesimama, na hawakushuka. Kwa Leoncia jina lile lilikufa. Wanawake walirudi kupita njia ya mbele. Hawakuwa na cha kuomba tena, basi walisalimu na kuendelea. Mche wa kupandikizwa Anselmo aliupeleka hata hivyo. Leoncia aliupokea kwa adabu, akauweka kwenye kopo jikoni, akaumwagilia, na kila alipoulizwa ataupanda lini alisema mvua bado.

Alikufa Februari iliyofuata, moyo, akiwa ameketi, wakati miembe ya kitongoji kizima inanuka maua. Wilfredo alichelewa kufika, kwa hiyo matanga yalikaa siku sita, jeneza sebuleni, watu uani. Ilikuwa kiangazi kikali. Walitandaza turubai moja, halikutosha, na upepo ulilipindua. Watu wakaanza kukaa kwenye kivuli cha nyumba yenyewe: asubuhi upande wa magharibi, adhuhuri wamejibana chini ya upenu kama kuku, alasiri upande wa mashariki.

Mabenchi yalikuwa ya kanisa, mazito. Anselmo ndiye aliyeyahamisha, kila kivuli kilipohama, siku zote sita. Vijana walijitolea kumsaidia, akakataa. Nenita alimwambia akae, ameloa, yeye ndiye ndugu wa marehemu. Akakaa kidogo na wacheza karata, akanywa kahawa, akaulizwa habari za nguruwe aliowaacha dada yake na akajibu vizuri. Jua lilipovuka paa likaanza kuwapiga watu magotini, alisimama, akawaomba wainuke, akaanza kuburuta.